Kumfundisha Mtoto Mdogo Kuhusu Pengwini kwa Vitabu, Video na Michezo

Mada ya wanyama ikifika, maswali ya wazazi na walimu wapya wa chekechea huwa yaleyale. Nianze na kitabu au video? Kitabu nilichopata ni cha Kiingereza, nifanyeje? Mtoto wa miaka minne ataielewaje nchi ya barafu, wakati barafu anayoijua ni ile ya ukwaju anayonunuliwa dukani? Katuni ziruhusiwe au zikatazwe? Nimeyajibu sana kwa mdomo. Sasa nayaandika, ili anayeanza awe na pa kushika.

Msimamo wangu nautaja mapema kwa sababu hatua zote zinaufuata: usianzie Antaktika, anzia Afrika. Yuko pengwini wa bara hili hili, anayeishi kwenye fukwe na visiwa vya Afrika Kusini na Namibia. Anataga mchangani na chini ya vichaka, anakula samaki wadogo kama dagaa, na analia kama punda. Mtoto wa Tanga, Kisumu au Bujumbura anaweza kumpata akilini siku ya kwanza. Barafu itafuata, na ataipokea vizuri zaidi akiwa tayari ana pengwini wake.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Ukienda kwa dakika ishirini hivi kwa siku, utakutosha wiki moja au mbili.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kitabu kimoja cha pengwini chenye picha kubwa. Kimoja kizuri kinatosha. Vitano vya hovyo vinavuruga.
- Simu au kompyuta yenye video mbili tatu fupi ulizokwisha kuzipakua, na sauti ya mlio wa pengwini wa Afrika.
- Ramani ya dunia au tufe. Ukikosa, chora bara la Afrika na bara la Antaktika kwenye karatasi ya manila.
- Chaki, kamba, na futi ya fundi cherehani.
- Beseni, barafu kidogo, mafuta ya kupikia ya mgando, na pakiti mbili tupu za maziwa zilizooshwa.
- Manyoya machache ya bata au kuku, yaliyooshwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha yakaanikwa juani.
- Soksi kuukuu za kufinyanga kuwa yai, na kanga moja.
- Karatasi na kalamu za rangi. Nyeusi na nyekundu ndizo zitakazoisha mwanzo.

Machache ya kuyajua wewe mwenyewe

Pengwini ni ndege. Ana manyoya, anataga mayai na anayaatamia. Haruki angani, kwani mabawa yake ni magumu na mafupi kama makasia, nayo humrusha chini ya maji badala ya hewani. Wako aina 18 hivi, karibu wote nusu ya kusini ya dunia. Wa Galápagos anaishi palepale kwenye mstari wa ikweta. Mdogo kuliko wote anaishi Australia na New Zealand na ana kimo cha sentimita 33 hivi. Mkubwa kuliko wote ni pengwini kaisari wa Antaktika, anayefika sentimita 115 hivi. Pengwini wa Afrika yuko katikati: kimo sentimita 60 hadi 70, uzito kilo mbili hadi tatu na nusu.

Hayo yanatosha kuanzia. Usikariri majina ya aina zote 18, na zaidi usiwakaririshe watoto.

Hatua ya 1: Chagua pengwini mmoja, umjue vizuri

Mchukue pengwini wa Afrika. Mahali anapoonekana kwa urahisi ni Boulders, ufukwe wa mji wa Simon's Town karibu na Cape Town. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa jozi chache tu pale. Walizaliana mpaka wakawa kundi kubwa, na leo watu hupita juu ya njia za mbao ili wasiwakanyage wala kuharibu viota.

Vitu vitatu vya pengwini huyu huwashika watoto kuliko vyote, kwa hiyo vijue kwa undani. Cha kwanza ni kipande cha ngozi ya waridi juu ya jicho. Akisikia joto, damu nyingi hupita pale ikapoe, na ile rangi hukolea. Mtoto aliyecheza juani hadi uso ukawaka ataelewa bila maelezo marefu. Cha pili ni madoa meusi kifuani. Hakuna wawili wenye madoa yanayofanana kabisa, na watafiti huweza kumtambua kila mmoja kwa madoa yake. Cha tatu ni kwamba baba na mama hupokezana kuatamia, kwa kawaida mayai mawili, kwa muda wa siku 40 hivi. Mmoja akiwa kiotani, mwenzake yuko baharini anavua.

Acha watoto wampe jina. Nimesikia Juma, nimesikia Zawadi, na darasa moja lilishikilia aitwe Bwana Suti. Jina hilo litumie mpaka mwisho. Mimi humu nitamwita Zawadi.

Hatua ya 2: Kichunguze kitabu kabla mtoto hajakiona

Kisome chote peke yako, kisha jiulize:

- Kuna dubu mweupe kwenye ukurasa mmoja na pengwini? Dubu mweupe anaishi Ncha ya Kaskazini na pengwini yuko kusini. Hawakutani porini hata siku moja, ingawa wachoraji wengi huwakutanisha.
- Pengwini wana meno? Hawana. Wana vimiba ulimini na kinywani vya kumshika samaki asiteleze.
- Maneno ni mangapi kwa ukurasa? Kwa mtoto wa miaka mitatu, sentensi moja au mbili. Kwa wa miaka sita, nne au tano.
- Picha zinaonekana kwa mtoto aliyekaa mkekani safu ya nyuma?

Kosa moja halitoshi kukitupa kitabu. Picha ya dubu na pengwini hugeuka kuwa somo zuri sana siku ya mwisho: "Nani ataona mgeni aliyepotea njia?" Kitabu cha kukataa ni kile ambacho pengwini ni mavazi tu. Kila kitu wanachofanya kingeweza kufanywa na sungura au paka, na ukikifunika hujapata habari hata moja ya pengwini.

Picha za kweli na picha za kuchora zote zinafaa, lakini picha ya kweli itangulie. Mtoto akianza na pengwini mwenye kofia na skafu, utatumia siku mbili kumvua.

Hatua ya 3: Kama kitabu ni cha lugha nyingine, kitafsiri usiku

Usitafsiri papo hapo mbele ya watoto. Utasitasita, nao watakuacha. Kaa nacho usiku, andika Kiswahili chako kwenye vipande vya karatasi, kisha vibandike juu ya maandishi kwa gundi nyepesi.

Na usitafsiri neno kwa neno. Kiswahili cha kusomea watoto kinataka milio. Tuseme ukurasa unaonyesha pengwini anajitosa baharini. Usiandike: "Pengwini anaingia ndani ya maji kwa kasi kubwa ili kutafuta chakula." Andika: "Huyo! Mbio, mbio, mbio... chubwi! Kazama. Yuko wapi? Kimyaa. Mara... pwaa! Kaibuka. Ana nini mdomoni?" Hapo hata aliyekuwa anachezea kamba za viatu atainua kichwa.

Ukitaka vitabu vya bure, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za picha, za Kiswahili zikiwemo, na leseni zake zinakuruhusu kutafsiri, kuchapisha na kugawa. Ukipata ya ndege wa baharini isiyo na Kiswahili, tafsiri yako itawafaa na walimu wengine.

Hatua ya 4: Watofautishie hadithi na habari ya kweli

Hii hatua wengi huiruka, na mimi naiona kuwa uti wa mgongo wa kazi yote. Mtoto mdogo atakutana na pengwini wa aina mbili: anayeongea, anayecheza muziki na kuishi kwenye nyumba ya barafu, na yule wa kweli. Usipompa alama ya kuwatenganisha, atawachanganya.

Alama tunazo tayari. Kitabu cha kubuni kifungue kwa "Paukwa!" waitikie "Pakawa!", au "Hadithi hadithi!" waitikie "Hadithi njoo!", kama mlivyozoea nyumbani kwenu. Kitabu cha habari za kweli usikifungulie hivyo kamwe. Tafuta mwito wake. Mimi hutumia "Kweli kweli?" nao hujibu "Kweli tupu!" Baada ya siku chache utasikia mtoto anauliza mwenyewe: "Mwalimu, hii ni ya paukwa au ya kweli tupu?" Akiuliza hivyo, umefanya kazi kubwa kuliko pengwini.

Hatua ya 5: Soma kitabu hicho hicho mara tatu

Siku ya kwanza soma moja kwa moja bila kusimama. Maswali yakija, sema "Shika swali lako, tutarudi," kisha urudi kweli. Siku ya pili simama kwenye picha na mwachie mtoto nafasi aone: miguu ikoje, mdomo ukoje, nani anamfuata nani. Siku ya tatu fumba maandishi kwa mkono, na watoto wasome picha.

Swali zuri ni lile ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa kutazama. "Unaona nini miguuni mwake?" ni bora kuliko "Kwa nini pengwini wana utando miguuni?" La kwanza linafungua macho, la pili linatafuta anayejua. Utando wenyewe ukishaonekana, mkumbushe bata.

Kosa la kawaida hapa ni kugeuza kila ukurasa kuwa mtihani. Mtoto akianza kukutazama wewe usoni badala ya kitabu, anatafuta jibu unalolitaka. Punguza maswali.

Hatua ya 6: Sauti itangulie picha

Kabla ya video yoyote, wafumbe macho wasikie mlio wa pengwini wa Afrika. Uliza ni mnyama gani. Watoto wa Lamu, na popote penye mikokoteni ya punda, watapiga kelele "Punda!" bila kusita, na hawako mbali: kwa Kiingereza wengi walimwita kwa jina la punda kwa ajili ya mlio huo huo. Wakifumbua macho wakamwona ndege mdogo amenyoosha shingo juu akilia vile, hutahitaji kuwaambia watulie.

Waache waige. Darasa litakuwa na kelele kama soko la samaki kwa dakika mbili. Mwambie mwenzako wa chumba cha pili mapema.

Hatua ya 7: Video fupi, na msimulizi awe wewe

Chagua kipande cha dakika tatu hadi tano. Kitazame peke yako mpaka sekunde ya mwisho. Filamu nyingi za wanyama huanza na mchezo na kuishia na damu, kwa mfano sili chui anaponyemelea majini. Hata *March of the Penguins*, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2005 iliyoshinda tuzo ya Oscar, ina mayai yanayoganda na makinda yanayokufa. Ni filamu nzuri sana, ila kwa watoto wa umri huu kata vipande, usiwashe na kuondoka.

Kisha:

1. Pakua video, usitegemee mtandao. Bando likiisha katikati umepoteza darasa, na mtandao ukiwa wazi video inayofuata itajichezesha yenyewe, nayo huijui.
2. Zima sauti. Simulia wewe kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale ya kitabuni.
3. Simamisha mara mbili tatu. "Anaelekea wapi? Tuone."
4. Rudia video hiyo hiyo. Mara ya pili ndipo wanapoona.
5. Zima, weka simu mfukoni, toka nao nje watembee kama pengwini.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa walio chini ya hapo, mwaka mmoja kushuka, halishauri kabisa. Somo hili linahitaji dakika kumi tu.

Katuni nazo? Ziruhusu, kwa mwito wa paukwa. *Pingu*, iliyoanzia Uswisi, ina faida ambayo nyingine hazina: wahusika wake huongea lugha ya kubuni ambayo hakuna anayeijua. Kwa hiyo mtoto wa Zanzibar, wa Bukavu na wa Muscat wanaielewa sawasawa na mtoto wa Ulaya, kwa kusoma nyuso na vitendo. Waulize "Hapa amesema nini?" na utashangaa Kiswahili kitakachomiminika. Ila wakumbushe kwamba pengwini wa kweli hana nyumba ya barafu wala jiko.

Hatua ya 8: Mpime ukutani

Kwa chaki, weka alama tatu kutoka sakafuni: sentimita 33, sentimita 65, na sentimita 115. Hao ni pengwini mdogo kuliko wote, pengwini wa Afrika, na kaisari. Kila mtoto asimame kando yake. Wa miaka mitano au sita atajikuta analingana na kaisari kichwa kwa kichwa, na huyo hatamsahau tena. Wa Afrika atamfika kiunoni au juu yake kidogo. Yule mdogo atampita goti kidogo tu.

Michoro hiyo usiifute mpaka mada iishe. Watoto wataisogelea wenyewe wakati wa uji.

Hatua ya 9: Sasa nendeni kwenye barafu

Toa ramani. Weka kidole mlipo, teremka Afrika yote mpaka ncha yake ya kusini: hapa ndipo kwao Zawadi. Endelea kuteremka, bahari, bahari, bahari, mpaka nchi nyeupe. Hiyo ni Antaktika. Hakuna wenyeji, hakuna mti. Watafiti huenda na kurudi.

Sasa simulia habari ya kaisari, kwa mwito wa kweli tupu. Mama hutaga yai moja wakati majira ya baridi yanaanza, humpa baba, kisha huenda baharini kula. Baba huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, akasimama hivyo siku 65 hivi bila kula. Upepo ukizidi, madume husongamana wakawa kitu kimoja, na walio pembeni husogea polepole kuingia ndani, ili asiwepo anayekaa baridini muda wote.

Halafu mcheze michezo mitatu:

*Yai.* Finyanga soksi, iweke juu ya miguu ya mtoto, atembee hatua kumi bila kuidondosha. Nyumbani baba naye ajaribu. Usimwekee yai hili Zawadi. Pengwini wa Afrika huatamia kiotani kama kuku, na huu ni mchezo wa kaisari, si wake.

*Kusongamana.* Watoto wajibane duara. Wewe uwe upepo, pepea kanga na kuvuma. Kila ukisema "Badili!" wa nje waingie katikati. Angalia wadogo wasibanwe kifua.

*Mkono wa pengwini.* Paka mafuta ya mgando kwa wingi ndani ya pakiti moja ya maziwa, ingiza pakiti ya pili ndani yake, na mafuta yakae kati ya hizo mbili. Mtoto aingize mkono humo, kisha autie kwenye beseni la maji ya barafu. Mkono mwingine uende mtupu. Hesabuni mpaka tano, si zaidi, na anayesema basi atolewe mara moja. Waeleze kwamba mafuta chini ya ngozi ni msaada, ila kinga kubwa ya pengwini ni manyoya yaliyobanana yanayofungia hewa ndani.

Hatua ya 10: Unyoya na matone

Dondosha tone la maji juu ya unyoya wa bata. Linateleza. Pengwini ana tezi karibu na mkia inayotoa mafuta, naye huyachota kwa mdomo na kujipaka mwili mzima. Makinda bado wana manyoya laini ya utotoni yanayolowa, kwa hiyo hawaingii baharini mpaka wapate ya kikubwa. Hata wakubwa, mara moja kwa mwaka hunyonyoka manyoya yote na kuota mapya, na kwa pengwini wa Afrika wiki hizo tatu hivi hukaa nchi kavu bila kula. Waonyeshe picha ya pengwini aliye katikati ya kunyonyoka. Watacheka sana, na wataona kwamba ni ndege kama kuku wa bibi.

Chovya unyoya mwingine kwenye mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na kakao. Jaribuni kuuosha kwa maji matupu, kisha kwa sabuni. Mikono ioshwe vizuri baada ya kushika manyoya.

Hatua ya 11: Habari ya meli ya mwaka 2000

Mtoto wa miaka mitano kwenda juu anastahili kujua kwamba pengwini wa Afrika wako hatarini. Mwaka 2024 waliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaliana zikiwa chini ya 10,000. Samaki wamepungua. Zamani watu waliokota mayai yao kwa wingi, na samadi ambayo pengwini walichimba mashimo ya viota ndani yake ilikombwa na kuuzwa kama mbolea. Ila mtoto usimmiminie takwimu. Msimulie hii.

Juni 2000, meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town na mafuta yake yakamwagika kati ya visiwa viwili vya pengwini, Robben na Dassen. Ndege 19,000 hivi walipakazwa mafuta. Maelfu ya watu wa kujitolea, wakiongozwa na SANCCOB, shirika la Afrika Kusini la kuokoa ndege wa baharini, pamoja na wenzao, waliwaosha mmoja mmoja na kuwalisha samaki kwa mkono. Wengine 19,500 hivi ambao hawajachafuka walipakiwa kwenye magari na kupelekwa mbali mashariki, upande wa Port Elizabeth (leo Gqeberha), wakaachiliwa baharini. Kwa nini? Kwa sababu pengwini hurudi kwao kwa kuogelea, na wakati wako njiani watu walikuwa wanasafisha bahari. Watatu walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, majina yao Peter, Pamela na Percy, na watu walifuatilia safari yao ya mamia ya kilomita hadi walipokaribia nyumbani.

Tumia kamba kwenye ramani kufuata njia yao, kila siku sogeza kidogo. Watoto wanapenda kuosha, kwa hiyo rudieni jaribio la unyoya na sabuni siku hiyo.

Angalia jambo moja: siku iliyopita ulisema mafuta yanamsaidia pengwini, leo mafuta yanamuua. Sema "mafuta yake ya mkiani" na "mafuta ya meli" kila mara, usifupishe.

Hatua ya 12: Mtoto awe mwalimu

Mwachie achore kitabu chake cha kurasa nne: anaishi wapi, anakula nini, analea vipi, mimi ninampendea nini. Aseme, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Kisha mrekodi akimsimulia bibi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Bibi akijibu na swali, mtoto ana kazi ya kufanya kesho, na wewe utajua ni nini kimebaki kichwani mwake na nini kimepinda.

Ukikwama

*Darasa lina watoto sitini na kitabu ni kimoja.* Wagawe mafungu. Fungu moja likae na kitabu, la pili lichore, la tatu lichezee yai nje na msaidizi. Badilisheni. Kitabu kimoja kilichoshikwa karibu kinazidi bango lililoning'inizwa mbali.

*Hakuna simu wala umeme.* Ruka hatua ya 6 na 7. Mlio wa pengwini lia wewe, kama punda. Hatua nyingine zote zinaenda bila skrini.

*Mtoto ameona kinda anakufa na analia.* Zima, mkumbatie, na usimwambie "si kweli," maana ni kweli. Mwambie: "Ndiyo, amekufa, na inaumiza. Wengine walipona, tuwatafute." Kisha mwonyeshe picha ya kinda aliyekua. Siku hiyo ishieni hapo.

*Anashikilia kwamba dubu mweupe anakula pengwini, ameona kwenye kitabu.* Usibishane. Mpe tufe: dubu juu kabisa, pengwini chini kabisa. Aweke kidole kimoja huku na kingine kule, aseme mwenyewe kama watakutana.

*"Kwa nini sisi hapa hatuna pengwini?"* Bahari yetu ni ya joto. Mkondo wa Benguela unaopita magharibi mwa Afrika Kusini na Namibia ni wa maji baridi yenye samaki wengi, ndiyo maana wako kule. Kwa wa miaka mitatu inatosha kusema: "Wanapenda maji ya baridi, na yetu ni ya uvuguvugu."

*"Tumfuge mmoja?"* Hapana, na mpe sababu za kweli: anahitaji bahari, wenzake wengi, na samaki wabichi kila siku. Kisha muulize kuku wa nyumbani wamekunywa maji leo.

*Anasema pengwini ni samaki.* Rudi kwenye yai na unyoya. Samaki wa sokoni ana magamba, Zawadi ana manyoya. Mpe vyote viwili ashike.

*Wa miaka mitatu hatulii hata dakika tano.* Basi soma dakika tatu. Kurasa nne leo, nne kesho, na atembee kama pengwini kati ya ukurasa na ukurasa.

*Anataka kuwaona kwa macho.* Familia zilizoko Dubai au karibu yake zinaweza kuwaona aina mbili, mfalme na gentoo, pale Ski Dubai. Anayesafiri Cape Town aende Boulders asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, na mtoto aambiwe kabla ya kufika kwamba hawashikwi: mdomo wao unakata kama wembe.

*Mada imeisha na bado anaulizia pengwini.* Mpe ndege mwingine asiyeruka. Mbuni yupo, ni wa kwetu, na futi yako ya ukutani itabidi iongezwe mpaka juu ya mlango.